Sanduku la Barua Lisilo na Posta

Wazee wetu wanakumbuka vizuri siku ambazo sanduku la posta lilikuwa kitu cha heshima katika mji. Lilikuwa na namba yake na kufuli yake, na mtoto aliyetumwa kulifungua alirudi mbio akiwa na bahasha mkononi. Nyumba nzima ilikusanyika. Nani ameandika? Ametoka wapi? Ni habari ya heri au ya msiba?

Leo tunataka kuwapasha habari za sanduku jingine la barua. Halina namba wala kufuli, na hakuna mtumishi wa posta aliyepata kuligusa. Limefichwa chini ya jiwe, au katikati ya mizizi ya mti mkubwa, au nyuma ya ukuta wa bustani ya zamani katika mji mdogo. Anayelitaka hana budi kulitafuta kwa miguu na kwa akili. Na akilipata haondoki nalo. Hulifungua, huacha alama yake ndani, hulifunga vizuri na kulirudisha mahali palepale, ili mwingine naye alipate.

Huo ni mchezo, ndiyo. Lakini wenye hekima wanajua kwamba mchezo mwema hufundisha mambo ambayo fimbo ya mwalimu haiwezi kuyafundisha. Basi tuufuate tangu chanzo chake.

Chupa ya mwaka 1854

Kusini-magharibi mwa Uingereza, katika jimbo la Devon, iko nchi ya juu iitwayo Dartmoor. Ni nchi ya upepo, mvua na ukungu. Miti ni michache. Yako majani makavu, kondoo, farasi wadogo, na juu ya vilima yamesimama majabali makubwa ya mawe magumu. Kilele kirefu kupita vyote, High Willhays, hakifiki hata meta 650. Wasomaji wetu wanaokaa chini ya milima ya Kivu watacheka wakisikia kwamba hiyo nayo huitwa milima. Lakini asiidharau mtu. Mahali pengi ardhi yake ni udongo mweusi wa majani yaliyooza, wenye kunywa maji kama sifongo, na msafiri asiyeijua njia huzama hata magotini. Ukungu ukishuka, mtu hupotea hatua mia tu kutoka kwa mwenzake.

Katikati ya nchi hiyo pako mahali paitwapo Cranmere Pool, maana yake ni kama kidimbwi, ingawa siku hizi maji yake yamekauka na limebaki bonde dogo la udongo mweusi. Watu wa mji wa Okehampton wana hadithi yao juu ya mahali hapo. Wanasema kwamba meya wao wa zamani, Benjamin Gayer, alipokufa roho yake haikutulia, bali iliusumbua mji. Ikahukumiwa kwenda Cranmere kukausha kidimbwi kwa chekeche. Je, nani ateka maji kwa chekeche? Lakini roho ile ilikuwa na werevu. Ikaona ngozi ya kondoo, ikaitandika ndani ya chekeche, ikateka maji kwa nguvu hata mji wa Okehampton ukafurika! Hivyo ndivyo wazee wa kule wanavyowaeleza watoto kwa nini kidimbwi kimekauka.

Ukingoni mwa nchi hiyo uko mji mdogo wa Chagford. Hapo alikaa mtu mmoja jina lake James Perrott, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni katika nyika ile. Wageni walipenda kufikishwa Cranmere kwa sababu palikuwa mbali na taabu ya kupafikia ilikuwa kubwa. Siku zile hapakuwa na barabara wala gari. Mtu akirudi jioni, matope yamemjaa, alitaka kusema: «Nami nimefika.» Lakini nani atamsadiki?

Mwaka 1854 Perrott aliwaza dawa ya jambo hilo. Alirundika mawe pale Cranmere, akatia chupa ndani yake. Kila mgeni aliyefika aliacha katika chupa kadi yake yenye jina. Aliyemfuata alizikuta kadi za waliomtangulia, naye akaongeza ya kwake. Basi, huo ndio mwanzo wa mambo yote tunayoyasimulia. Kiongozi yule hakuwaza kwamba chupa moja katika matope ingezaa maelfu ya masanduku ng'ambo ya bahari.

Kutoka kadi hata muhuri

Desturi njema haikai peke yake. Mwaka 1888 chupa ilibadilishwa, likawekwa sanduku la bati. Mwaka 1905 kiliwekwa kitabu cha kuandikia majina. Mwaka 1921 mwana wa mfalme wa Uingereza, yule aliyekuja kuitwa Edward wa 8, alifika Cranmere akaandika jina lake kama wengine wote. Maana katika kitabu kile mstari wa mwana wa mfalme hauna urefu kuupita mstari wa mchunga kondoo. Mwaka 1937 wasomaji wa gazeti moja la nchi ile, Western Morning News, walichanga fedha, likajengwa sanduku la mawe.

Hapo katikati ilizuka desturi nyingine ya kupendeza. Mtu alifika na kadi ya posta yenye stempu, ambayo ameiandika anwani yake mwenyewe au ya rafiki, akaiacha ndani. Aliyefika baada yake, pengine kesho, pengine baada ya majuma mengi, aliichukua na kuitia katika posta ya kwao. Fikirini basi: unaiaga kadi yako nyikani, na siku moja yakujia mlangoni, imeletwa na mkono wa mtu usiyemjua wala hutamwona kamwe. Ndiyo maana masanduku hayo yakaitwa masanduku ya barua.

Masanduku mengine yakafuata polepole. Moja liliwekwa Belstone Tor mwaka 1894. Jingine liliwekwa Ducks' Pool mwaka 1938, liwe ukumbusho wa William Crossing, mwandishi aliyetembea Dartmoor maisha yake yote na kuandika kitabu kikubwa cha kuwaongoza wasafiri. Kwa muda mrefu masanduku yalihesabika kwa vidole. Lakini tangu miaka ya 1970 yaliongezeka sana, hata yakawa maelfu. Kikaundwa chama kiitwacho Klabu ya Mia Moja, kwa sababu anayetaka kuingia hana budi kwanza kuyapata masanduku 100.

Namna ya kucheza

Pengine kijana mmoja atauliza: «Sanduku lina nini ndani, hata watu wapande vilima katika mvua?» Tumjibu kwa kweli: ndani hamna dhahabu wala fedha. Ni kijisanduku kisichopenya maji, na ndani yake mna daftari dogo na muhuri wa mpira, kile kitu ambacho wengi wetu hukiita kashe. Basi.

Mtafutaji naye huchukua vitu vyake: daftari lake, muhuri wake mwenyewe, kitambaa chenye wino, kalamu na dira. Akilipata sanduku hupiga muhuri wa sanduku katika daftari lake, uwe ushuhuda kwamba amefika. Kisha hupiga muhuri wake katika daftari la sanduku, na kuandika tarehe. Wengi huchonga mihuri yao kwa mikono: mmoja huchonga ndege, mwingine jani, mwingine kengele ya kanisa la kwao. Jina la kweli si lazima. Watu hujulikana kwa picha zao.

Njia ya kulipata sanduku huandikwa kwa mafumbo au kwa hesabu. Wanafunzi, sikilizeni mfano huu ambao tumeutunga sisi wenyewe: «Tafuta mahali ambapo mnara wa kanisa waonekana kwenye digrii 140 za dira, na kilele cha mlima kwenye digrii 35. Toka hapo, shuka hatua 20, utazame chini ya jiwe bapa.» Mnajua kwa nini vimetajwa vitu viwili, yaani mnara na mlima? Kwa kuwa ukitajiwa mnara peke yake, una mstari mmoja mrefu, nawe waweza kusimama popote juu yake. Ukitajiwa na mlima, una mistari miwili, nayo hukutana mahali pamoja tu. Jometri ile iliyowachosha darasani, kumbe ndiyo inayomfikisha mtu kwenye sanduku!

Mji mdogo wajifunza kujijua

Kwa muda mrefu mchezo huu ulikuwa mali ya Dartmoor. Mwezi wa Aprili 1998 gazeti la Marekani liitwalo Smithsonian lilieleza habari zake, na Wamarekani wengi wakaanza kuficha masanduku katika misitu na bustani za miji yao. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1995, katika bonde la mto Connecticut, kati ya majimbo ya Vermont na New Hampshire, watu walikuwa wamekwisha kufanya jambo ambalo kwetu sisi linapita yote kwa uzuri. Waliutwaa mchezo wa Dartmoor wakaupeleka shuleni na vijijini. Waliuita Valley Quest, yaani msako wa bondeni.

Shabaha yao ilikuwa hii. Miji ya bonde lile ni midogo na ya zamani. Mingi ina uwanja wa majani katikati, kanisa, nyumba ya serikali ya mji, na mawe ya ukumbusho. Watu hupita hapo kila siku wakienda dukani, nao hawaoni kitu, kwa maana jicho lililozoea halioni. Basi watoto pamoja na walimu wao na wazee wa mji hutumwa kuuchunguza mji wao wenyewe. Kisima hiki kilichimbwa na nani? Kinu kile kilisaga nini? Kwa nini njia hii imepinda? Majibu wanayoyapata huyafanya mashairi yenye vina, na mashairi hayo humwongoza mgeni hatua kwa hatua hata kwenye sanduku.

Tufikirie mfano. Katika miji mingi ya upande ule liko jiwe la ukumbusho wa waliokufa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, vita vilivyokomesha utumwa katika Marekani. Shairi la watoto laweza kusema: hesabu majina yaliyo jiweni, kisha upige hatua kwa hesabu hiyo kuelekea mti mkubwa. Mgeni aanza kuhesabu kwa haraka: moja, mbili, tatu. Anapofika katikati mwendo wake wapungua. Aona majina mawili ya ukoo mmoja. Ndugu wawili! Mama yao aliipokea habari hiyo mara mbili. Mgeni yule alikuja kutafuta sanduku, lakini kwanza amekutana na mama huyo, aliyekufa zamani.

Hapo ndipo tunaposema kwamba mchezo huu si mchezo tu. Mzee akifa pasipo kuulizwa, mambo mengi hufukiwa pamoja naye. Lakini habari iliyokwisha kuwekwa katika shairi la mtoto, na shairi likawekwa mbele ya kila apitaye, habari hiyo haifi upesi.

Muhuri na mpira

Yako maneno mawili ambayo sisi wana wa Kongo hatuwezi kuyapita bila kusimama kidogo.

La kwanza ni muhuri. Kwetu muhuri ni kitu cha ofisi. Karatasi isiyo na muhuri si karatasi, na mtu aweza kungoja siku nzima barazani kwa ajili ya alama moja ya wino. Aliye na muhuri ana uwezo. Asiye nao huomba. Katika mchezo huu mambo yamegeuzwa. Kila mtu, hata mtoto wa miaka saba, anao muhuri wake, na aupiga si kwa kuamuru bali kwa kusema: «Nilikuwa hapa, nami nakusalimu wewe utakayekuja.»

La pili ni mpira. Muhuri ule umefanywa kwa mpira, na mpira haukufaa kwa kazi nyingi kabla ya mwaka 1839, wakati Mmarekani Charles Goodyear alipogundua kwamba ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hauyeyuki tena kwa joto wala kupasuka kwa baridi. Baadaye dunia iliutaka mpira kwa wingi, hasa kwa magurudumu ya baisikeli na ya motokari, na twajua wazee wa wazee wetu waliteswa namna gani kwa ajili yake katika siku za Dola Huru la Kongo, kati ya 1885 na 1908. Si mihuri ya mchezo iliyoleta taabu ile, wala hatusemi hivyo. Lakini ni vizuri mtu ajue historia ya kitu anachokishika mkononi. Mwenye kupenda historia ya bustani ya wengine asisahau historia ya msitu wa kwao.

Sanduku lisilo na mlinzi

Labda baba mmoja atasema: «Huko ni Ulaya na Marekani. Hapa kwetu sanduku lingeibwa siku ileile.» Baba huyo hakukosa kabisa. Hata kule huibwa. Mengine huchukuliwa na maji, mengine hutafunwa na wanyama, mengine huharibiwa na watu wasio na haya. Aliyeliweka hurudi kulitazama, na likiwa limepotea huweka jingine. Lakini mengi hudumu miaka na miaka bila kufuli wala askari. Yanalindwa na nini? Na heshima ya mtu aliye peke yake, asiyeonwa na yeyote. Mtu aweza kuwa mwema mbele ya watu kwa sababu ya kuogopa maneno yao. Nyuma ya jiwe, katika ukungu, hakuna wa kumsifu wala wa kumlaumu.

Tena mchezo una sheria zake. Huko Dartmoor, ambayo tangu 1951 ni hifadhi ya taifa, wachezaji hawaruhusiwi kuficha sanduku katika kuta za mawe, wala katika makaburi na magofu ya watu wa kale, wala kutumia saruji. Katika bustani za miji, wenye bustani huombwa ruhusa kwanza. Na kwa kuwa sehemu ya kaskazini ya nyika, pamoja na Cranmere, ni mahali pa mazoezi ya askari, bendera nyekundu ikipandishwa hakuna ruhusa ya kuingia. Na chuma chochote kigeni kinachoonekana ardhini hakiguswi.

Tangu mwaka 2000 uko pia mchezo ndugu wa huu. Siku ya 2 Mei mwaka huo serikali ya Marekani iliacha kuzipotosha ishara za satelaiti ambazo watu wa kawaida walizitumia kujua mahali walipo, na kesho yake mtu mmoja akaficha ndoo msituni katika jimbo la Oregon, akawatangazia wengine namba za mahali hapo. Siku hizi wengi hutafuta kwa njia hiyo, simu mkononi. Sisi hatuulaumu mchezo huo. Lakini simu humwambia mtu mahali alipo pasipo kumwambia mahali hapo ni pa namna gani. Shairi la watoto huyasema yote mawili.

Nasi je?

Hatuwaambii wasomaji wetu wafiche masanduku katika vichaka. Katika sehemu zetu zilizopitiwa na vita, bati au chuma kisichojulikana ni kitu cha kuogopwa, na mtoto akikiona lazima akae mbali na kumwita mtu mzima. Wala mkono hautiwi katika shimo ambalo nyoka aweza kulifanya nyumba yake. Lakini uwanja wa shule upo, na ua wa parokia upo, na barazani hakuna hatari. Mwalimu akipenda aweza kuanza na kasha la maziwa lililosafishwa, daftari moja, na muhuri uliochongwa katika kiazi kilichokatwa nusu. Wino wa kiazi haudumu, lakini siku moja yatosha kwa somo.

Kazi kubwa ni ile inayotangulia: kuuliza. Nani aliyefyatua matofali ya kwanza ya shule yetu? Mti huu una umri gani? Kabla ya nyumba hizi palikuwa na nini? Tumejaribu kutunga fumbo moja, liwe mfano tu. Ninyi mtatunga yaliyo bora:

Anzia penye kengele, geuka, acha mlango,
Hesabu miembe mbele, simama kwenye ukingo,
Aliyeipanda kale, muulize mwenye gongo,
Ukiwa na jina lile, jongea penye kiango.

Angalieni mstari wa tatu. Kengele na miembe mtoto aweza kuipata peke yake. Lakini jina la aliyeipanda halimo kitabuni wala katika simu. Liko kwa mzee mwenye gongo, anayekaa mbele ya nyumba yake saa za jioni, na ambaye pengine hajaulizwa neno na mtoto yeyote tangu mwaka ulioanza. Akiulizwa jina moja, atatoa na mengine kumi.

James Perrott aliweka chupa ili watu wasadikiwe kwamba walifika mbali. Watoto wetu hawana haja ya kwenda mbali. Wainuke tu, wavuke ua, wakamsalimu mzee yule na kuketi chini. Kasha la maziwa litangoja pale barazani.